Shilingi 500 barabarani, bure uwanjani: tathmini ya maegesho ya katikati ya mji

Kazi yangu ni kuandaa hesabu za wafanyabiashara wadogo na kuwafuatilia leseni na vibali, kwa hiyo siku mbili au tatu za kila wiki huwa katikati ya Dar es Salaam, nikizunguka kati ya Posta, Kisutu na Kariakoo na gari dogo aina ya Toyota IST ambalo ndilo ofisi yangu ya pili. Mtu wa kazi kama hii hujua maegesho ya mji kuliko anavyojua migahawa yake. Ninachotathmini hapa ni huduma mbili ambazo mwananchi hukutana nazo asubuhi moja: maegesho ya barabarani yanayolipiwa, na maegesho ya ndani ya uwanja wa ofisi ya halmashauri, ambayo hayalipiwi na ambayo, kwa kadiri nilivyoyaona, mwananchi hayapati.

Nianze na ya barabarani, kwa kuwa ndiyo yanayolaumiwa zaidi na mimi naona yanastahili sifa kuliko lawama. Tangu Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, uanzishwe mwaka 2017, ushuru wa maegesho umekuwa sehemu ya majukumu yake, na mwaka 2021 ukusanyaji ukahamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Msimamizi aliyevaa kizibao hupita na mashine ya mkononi, huandika namba ya gari, na deni huingia kwenye mfumo likisubiri kulipwa kwa simu kwa kutumia namba ya malipo, au kutazamwa kupitia *152*00# na mtu asiye na simu janja. Hakuna noti inayopita dirishani, na hakuna mabishano ya chenji. Deni hukaa kwenye namba ya gari hata kama dereva ameondoka bila kumwona msimamizi, jambo ambalo wengine huliona kama mtego lakini mimi naliona kuwa ni utaratibu wa kawaida wa ankara: umetumia, utalipa, na usipolipa kwa wakati utatozwa faini.

Bei ya shilingi 500 kwa saa nayo inafanya kazi ambayo watu wengi hawaitambui. Anayelipia kwa saa hukumbuka kuondoka. Ukifika Mtaa wa Samora saa nne asubuhi ukakosa nafasi, subira ya dakika kumi kwa kawaida hukupatia moja, kwa sababu aliyekuja kuchukua mzigo au kuonana na wakili ana sababu ya kutoka. Kasoro zipo: mistari ya rangi imefutika sehemu nyingi, kivuli ni cha bahati, na mitaa mingine ina vijana wanaokushikia nafasi kwa ndoo au jiwe na kutaka ahsante yao juu ya ushuru halali. Hata hivyo, kama mteja, ninajua ninacholipia na ninajua mwenzangu aliyeegesha mbele yangu analipia vilevile.

Usawa huo huishia kwenye lango la halmashauri. Ofisi ninayoizungumzia sitaitaja, maana jambo lenyewe si la ofisi moja na sitaki aliyenihudumia vizuri dirishani abebe lawama ya uwanja ambao hakuupanga yeye. Nilikwenda huko mara tatu ndani ya mwezi mmoja kufuatilia leseni ya biashara ya mteja wangu. Mara ya kwanza nilifika saa mbili kasorobo asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, nikaukuta uwanja umejaa. Nilihesabu nafasi thelathini na nne, na langoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kuwa maegesho ni ya watumishi tu. Nafasi tatu zilizokuwa na neno «Wageni» lililofifia ardhini zilikuwa zimekaliwa na jenereta, kontena la kuhifadhia mafaili, na rundo la viti vilivyovunjika vinavyosubiri kufutwa kwenye orodha ya mali. Mlinzi, mzee mmoja mpole sana, aliniambia, «Mwanangu, hapa hata diwani akichelewa anaegesha nje.» Nikarudi barabarani, nikaegesha, nikakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu nikisubiri sahihi moja, na nilipotoka nilikuwa nadaiwa shilingi 1,500.

Kiasi hicho si kikubwa, na wala sikikatai. Kilichonifanya nitoe kalamu ni kulinganisha. Mimi niliyekuja kulipa ada ya leseni, yaani kuleta fedha kwenye halmashauri, nimelipia kipande cha ardhi cha ukubwa wa kitanda na kabati, ilhali aliyeajiriwa kunipokea amekaa kwenye kipande cha ukubwa uleule, hatua arobaini kutoka kwangu, tangu asubuhi hadi jioni, bila malipo. Nakubali kwamba mifuko ni miwili: ushuru wa barabarani ni wa wakala wa barabara, na uwanja ni wa halmashauri. Lakini bei ya ardhi haijui mipaka ya mifuko. Ikiwa saa moja ya nafasi iliyo nje ya ukuta ina thamani ya shilingi 500, iliyo ndani ya ukuta, yenye mlinzi na mti wa kivuli, haiwezi kuwa na thamani pungufu ya hiyo.

Tufanye hesabu, maana ndiyo fani yangu. Tusihesabu siku nzima. Tuchukue saa tano tu kwa siku, ili nisionekane ninakuza mambo. Hizo ni shilingi 2,500. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 55,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyotangazwa Mei Mosi 2025, ni shilingi 500,000, kwa hiyo nafasi moja ya maegesho ni sawa na asilimia 11 ya mshahara huo. Malipo haya hayaonekani kwenye hati ya mshahara, hayakupigiwa kura na baraza la madiwani, wala mkaguzi hatayakuta kwenye daftari lolote. Tena yanakwenda kwa nani? Hayaendi kwa anayepokea kima cha chini, kwa sababu huyo hana gari. Yanakwenda kwa aliyekwisha kuwa na gari, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo nafasi inavyosogea karibu na mlango.

Tena tukisema «watumishi wa halmashauri» tusidhani tunawazungumzia walioko makao makuu peke yao. Sehemu kubwa ya watumishi wa halmashauri yoyote ya Tanzania ni walimu na watumishi wa afya. Mwalimu wa shule ya msingi ya Chanika au muuguzi wa zahanati ya Msongola ni mtumishi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam sawasawa na mwenzake anayefanya kazi karibu na Mnazi Mmoja, lakini uwanja wa makao makuu haumsaidii chochote zaidi ya siku anapoitwa kuhakiki vyeti, na siku hiyo naye ataukuta umejaa. Kwa hiyo hoja kwamba maegesho ya bure ni motisha kwa watumishi ina tundu kubwa katikati: ni motisha kwa kundi dogo lililo karibu na Mkurugenzi.

Katika safari ya pili nilimweleza hesabu hii dada mmoja wa masijala, aliyekuwa akinitafutia jalada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, «Kaka, mshahara wenyewe unaujua. Hata kivuli cha gari mnataka kutuhesabia?» Nilimwuliza yeye anaegesha upande gani. Akaniambia yeye hana gari. Anapanda daladala mbili kila asubuhi na mbili kila jioni. Hakuona ajabu yoyote katika kuitetea faida asiyoipata, na sikuendelea kumbishia, kwa kuwa alikuwa na haki katika jambo moja: mtumishi akinyang'anywa kitu leo, hana hakika kwamba kesho atapewa kingine mahali pake. Kwa nauli zilizopangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwezi Desemba 2023, safari fupi kuliko zote ya daladala, isiyozidi kilomita kumi, ilikuwa shilingi 600. Hata kama kila daladala anayopanda dada huyu ingekuwa ya safari hiyo fupi, kwa siku angetumia shilingi 2,400, karibu sawa kabisa na ile 2,500 ambayo bosi wake anasamehewa.

Sisemi kila gari liondolewe. Gari la ofisi lenye namba ya SM ni chombo cha kazi na lina haki ya kulala hapo. Afisa afya anayetoka kukagua machinjio kisha akarudi kuandika ripoti, mhandisi anayesimamia mifereji katika kata nne kwa siku moja, muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya manispaa anayetoka saa ambayo daladala zimekwisha: hao wanahitaji nafasi kwa sababu ya kazi wanayoifanya, na halmashauri isiyowapa inajipunguzia huduma yenyewe. Tofauti ninayoitaka ni kati ya nafasi inayotolewa kwa sababu ya kazi na nafasi inayotolewa kwa sababu ya cheo. Katika ule uwanja wa nafasi thelathini na nne, magari yaliyotoka na kurudi kwa muda wote niliokaa kwenye benchi yalikuwa matatu.

Miji mingine imeshalipima jambo hili. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1992 inayowataka waajiri fulani wanaogharimia maegesho ya wafanyakazi wao wampe mfanyakazi uhuru wa kuchagua: ama nafasi ya gari, ama fedha taslimu zenye thamani hiyohiyo. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Los Angeles aliyefariki mwaka 2025, alizichunguza kampuni nane zilizotekeleza sheria hiyo, akakuta sehemu ya wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini peke yao kwenye gari imeshuka kutoka asilimia 76 hadi 63. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Walioneshwa tu bei ya kitu walichodhani hakina bei. Nottingham, mji wa Uingereza, ulikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2012 mwajiri mwenye nafasi 11 au zaidi za maegesho ya wafanyakazi hulipia kila nafasi kwa mwaka, kwa kuanzia pauni 288, na halmashauri ya mji haikujisamehe. Fedha hizo zilisaidia kujenga njia mbili mpya za tramu zilizofunguliwa mwaka 2015. Hapo kwenye kutojisamehe ndipo ninapouheshimu mji huo zaidi, kuliko hata kwenye tramu zake.

Najua jibu litakalokuja: Nottingham kuna tramu, sisi tuna foleni ya mwendokasi. Ni kweli. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, wengi wetu tuliyaacha magari nyumbani kwa furaha, na wengi tumeyarudia baada ya kuchoka kusimama kituoni mabasi yakipita yamejaa. Siwezi kumwambia mhasibu wa halmashauri aache gari lake ilhali mimi mwenyewe ninakuja na langu. Ninachomwambia ni kwamba alilipie, kama ninavyolilipia langu. Huko Mtumba, mji wa Serikali nje ya Dodoma, ambako ardhi ilipimwa upya na majengo yakapangwa pamoja na viwanja vyake, swali hili halina uzito mkubwa. Hapa mjini, ambapo machinga na lori hugombea mita ileile, lina uzito.

Ningependa kuona nusu ya nafasi za uwanja wa halmashauri zikiachwa kwa wananchi hadi saa tisa alasiri, kwa muda usiozidi saa mbili kila gari, na kwa bei ileile ya barabarani. Nusu inayobaki iende kwanza kwa wenye kazi za nje, kisha kwa mtumishi yeyote aliye tayari kulipa, na mapato yake yawe posho ya usafiri inayogawanywa sawa kwa wote wa ofisi ile, dada wa masijala akiwamo. Kazi hii haihitaji sheria mpya wala ujenzi. Inahitaji rangi, kibao kingine langoni, na mtu wa kuliondoa lile jenereta.

Kwa sasa, maegesho ya barabarani nayapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa ajili ya mistari iliyofutika na vijana wa ndoo. Uwanja wa halmashauri naupa moja, ambayo ni ya mlinzi.

Safari ya tatu nilikwenda kuchukua leseni yenyewe. Niliegesha nje kama kawaida na kuingia kwa miguu. Chini ya mkungu, katika nafasi iliyo karibu kuliko zote na mlango, palikuwa na gari jeupe nililoliona pia safari mbili zilizotangulia. Majani makavu ya mkungu yalikuwa yamejaa kwenye kioo cha mbele hadi kuvifunika vifuta mvua, na tairi moja la nyuma lilikuwa limekwisha upepo. Nilimwuliza mzee wa langoni ni la nani. Akasema mwenyewe alihamishiwa mkoani tangu mwaka jana.