Jeki tatu, mchanga na chumvi: uzoefu wangu wa kuinua gari nje ya lami

Gari langu ni Land Cruiser ya zamani, akseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Mkaazi wa Mombasa hahitaji kwenda mbali kutafuta ardhi mbaya. Ukishapita Mariakani ukaacha lami, unaingia udongo mwekundu wa Taru. Njia za ndani za Kinango wakati wa mvua za mwaka ni tope tupu, na Tsavo Mashariki, kando ya mto Galana, ni mchanga. Huko nimetumia jeki za aina tatu, na hazikunifaa sawasawa.

Naanza na ile ndefu, maana ndiyo watu wanayopenda kuifunga kwenye bampa ionekane. Ni nguzo ya chuma yenye matundu, na kiinuaji kinachopanda tundu kwa tundu kwa pini mbili. Hi-Lift wa Marekani ndio waliozipa umaarufu. Yangu ni ya kuiga. Ina urefu wa inchi 48, yaani mita 1.2 hivi, na uzito wa karibu kilo 13. Inainua juu kuliko jeki yoyote niliyowahi kushika, na ukiwa na minyororo unaweza kuilaza ikavuta gari taratibu kwenye tope.

Tatizo ni inashika wapi. Magari mengi ya siku hizi bampa ni plastiki na ubavu ni bati jembamba, kwa hiyo bila bampa ya chuma au bomba la pembeni lililochomelewa kwenye chesisi, jeki hii ni mzigo tu. Hata ukiwa na pa kushikia, unainua bodi, si gurudumu. Springi zinanyooka, tairi linabaki limekaa mchangani, na wewe unazidi kupampu. Kufika tairi linaachia, gari limeshapanda juu na limesimama kwenye kitako kisichozidi ukubwa wa daftari la shule. Dawa yake ni kuifunga akseli kwenye chesisi kwa mkanda wa mizigo kabla ya kuanza. Hapo tairi linapanda pamoja na bodi.

Kushusha ndiko kunakoniogopesha zaidi. Ukigeuza kile kishikizo cha kushushia wakati mpini haujasimama wima na kugusana na nguzo, uzito wa gari unaurusha juu chini kwa nguvu ya kuvunja taya. Tena mzigo ukiwa mwepesi mno, chini ya kilo 70 hivi, haishuki hatua kwa hatua, inaporomoka. Simpi mtu kuishika ila nimemuona kwanza akiifanyia kazi uwanjani.

Halafu kuna chumvi. Jeki iliyofungwa nje kwenye gari la pwani, kaskazi iwe kusi, pini zake huganda kwa kutu. Watu hupaka grisi. Mimi siipaki, kwa sababu inakamata mchanga ukawa kama msasa. Ninaiosha kwa maji baridi, naikausha, natia mafuta mepesi kwenye pini na springi, kisha naivika mfuko wa turubai. Siku hizi inakaa ndani ya gari, na mara nyingi inakaa nyumbani.

Inayosafiri nami daima ni jeki ya mafuta, ile fupi ya kupampu iliyo mfano wa chupa. Inaingia moja kwa moja chini ya akseli karibu na gurudumu, kwa hiyo unainua kile unachotaka kuinua. Muuzaji atakusomea tani. Hizo si za kuumiza kichwa: gari lililojaa mizigo hata likiwa na tani tatu, wewe unainua pembe moja tu. Nilipouliza urefu wake ikiwa imeshuka kabisa, kijana wa dukani alicheka, "Ami, jeki ni jeki." Si kweli. Tairi likiwa na pancha, akseli inashuka, na jeki iliyoingia vizuri pale nyumbani inakataa kuingia. Pima tairi likiwa halina upepo, kisha pima tena ukiwa umeweka ubao chini.

Na ubao usiuache. Wangu ni kipande cha mbao ngumu nilichopata kwa fundi wa mashua, kinene na kipana kuliko kitako cha jeki mara kadhaa. Bila huo, kwenye mchanga jeki inazama na gari halipandi. Kwa magari yenye sespensheni huru mbele, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, jeki hukaa chini ya mkono wa chini wa sespensheni. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali.

Ya tatu ni mfuko wa hewa unaojazwa kwa moshi wa ekzosi. Kwenye mchanga laini na tope hauna mpinzani, kwa kuwa unakanyaga eneo kubwa na hauzami. Lakini ekzosi yenye tundu la kutu haiujazi, na gari la bomba mbili ni usumbufu. Injini inabaki ikinguruma wakati gari linapanda, kwa hiyo gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu mengine yatiwe kabari. Miiba ya Tsavo ni adui wake mkubwa. Natandika jamvi chini na gunia juu, mbali na bomba la moto. Ukishapanda, gari linayumba. Kubadilisha gurudumu linawezekana, ila napendelea kuutumia kuliinua gari nitie mbao chini ya tairi, basi.

Chini ya gari siingii, liwe limeinuliwa kwa jeki ipi. Tairi la akiba nalilaza chini ya chesisi kabla ya kufungua nati hata moja, ili gari likianguka liangukie hapo.

Kwa mwenye fedha ya kununua jeki moja tu, namshauri jeki ya mafuta yenye kimo kinachofaa gari lake, ubao, na sepetu. Mara nyingi tairi la pancha mchangani halihitaji kuinuliwa zaidi. Ukishaiweka jeki chini ya akseli, unachimba mchanga ulio chini ya tairi mpaka lining'inie, unalitoa, unachimba kidogo zaidi kwa ajili ya lile jipya lenye upepo.