TAHADHARI: Majakuzi yanayouzwa Mwanza, usitoe hela kabla hujaliona limejaa maji

Wakuu, kuna wauzaji wa majakuzi wanaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram hapa Mwanza, na wanaowalenga zaidi ni wanaonunua kwa mara ya kwanza: waliomaliza kujenga Capri Point, Bwiru na Luchelele, pamoja na wenye nyumba za wageni za ufukweni Ilemela wanaotaka kupandisha bei ya chumba. Baadhi ni matapeli wa wazi, hawana hata bomba la kukuonyesha. Wengine wana kitu kweli, ila si kile wanachokitangaza. Hawa wa pili ndio wabaya zaidi, maana unabaki na risiti mkononi na bidhaa uani, halafu unashindwa hata kueleza umeibiwa nini.

Mchezo unaoongoza ni kuuziwa bafu kwa jina la jakuzi. Bafu la pampu ni sinki la kuogea la plastiki ya akriliki lenye matundu ya kurusha maji. Halina hita ya kutunza joto, halina filta, halina kifuniko, na limetengenezwa ujaze maji, uoge, umwage. Jakuzi la nje ni mtambo mwingine kabisa: maji yanakaa humo miezi mitatu mpaka minne, yakizungushwa, yakichujwa na kupashwa moto muda wote. Kwa macho ya haraka vinafanana. Tofauti utaiona ukifungua paneli ya pembeni (ukinyimwa bisibisi, aga uondoke). Ndani yake lazima uone pampu, bomba fupi la chuma cha pua lenye hita ndani yake, boksi la bodi ya umeme, na sponji ya kuzuia joto iliyopuliziwa nyuma ya ganda. Juu lazima kuwe na mahali pa kuingiza filta ya karatasi yenye mikunjo. Pakikosekana filta na hita, hilo ni bafu, hata kama lina taa za rangi saba na spika ya bluetooth.

Akishabanwa, muuzaji wa aina hii hukwambia fundi wake atafunga hita. Mara nyingi anachofunga ni ile hita ya shawa ya papo kwa papo. Kataa kabisa. Hita hizo zimeundwa kwa maji yanayopita mara moja kwenda chini, na nyingi koili yake iko uchi ndani ya maji. Mtu kukaa nusu saa kwenye maji yanayozungushwa juu ya koili ya namna hiyo, kwenye nyumba ambayo athi yake haieleweki, ni hatari ya kifo.

Mchezo wa pili ni wa kibao cha umeme, kile kidogo kilichobandikwa kwenye jakuzi kuonyesha volti na hezi zake. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, hezi 50. Majakuzi ya mtumba kutoka Marekani na Kanada yameandikwa volti 120 au 240, hezi 60. La volti 120 ukilichomeka hapa, bodi inaungua palepale. Muuzaji atasema weka transfoma. Transfoma inashusha volti tu, haigusi hezi. Mota ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 inazunguka pole kwa moja ya sita, msukumo wa maji unashuka, na mota inapata moto kuliko ilivyokusudiwa. La volti 240 la Marekani nalo lina mtego wake: linategemea waya mbili za moto na nyutro katikati, na baadhi ya vipande vyake vinatumia volti 120 kati ya moto na nyutro. Fundi asiyejua akiliunga kwa mtindo wetu, vipande hivyo vinapokea 230 na kufa. Unachotafuta kwenye kibao ni 220–240V, 50Hz. Kibao kikiwa kimekwanguliwa, au kibandiko cha karatasi kimebandikwa juu ya kingine, tayari umeshapata jibu.

Hapohapo kwenye kibao soma ampea. Tangazo litasema "pampu 3HP, jeti 60". Hospawa (HP) moja ni wati 746. Pampu yenye ampea 5 kwa volti 230 inakula wati 1,150, yaani hata isingepoteza chochote haifiki hospawa 1.6. Idadi ya jeti, yaani matundu ya kurusha maji, nayo ni urembo: pampu moja ndogo ikigawiwa jeti 60, kila jeti inapata maji ya kutekenya tu. Jeti 25 zenye pampu ya kweli zitakukanda mgongo vizuri zaidi.

Kuhusu ahadi ya "linapasha maji kwa saa moja", piga hesabu mwenyewe. Lita 1,000 kutoka nyuzi 24 za bombani hadi nyuzi 38 zinahitaji takriban uniti 16 za umeme. Kuzimaliza kwa saa moja unahitaji hita ya kilowati 16, karibu ampea 70 kwenye fezi moja. Hita ya kilowati 3 itachukua saa tano na nusu, ya kilowati 2 saa nane, na hapo kifuniko kimefungwa. Bila kifuniko, usiku wenye upepo wa ziwa, hita ya kilowati 2 inaweza kushindwa kufikisha hizo nyuzi 38, kwa sababu joto jingi linaondoka na mvuke. Kwa hiyo kifuniko cha sponji nene, kama sentimita 10, si nyongeza ya kununua baadaye. Muuzaji anayekitoa kwenye bei ili ionekane ndogo anakuhamishia gharama kwenye LUKU. Na maeneo ambayo volti huanguka jioni, kumbuka nguvu ya hita inashuka kuliko volti yenyewe: kwa volti 180, hita ya kilowati 3 inafanya kazi ya kilowati 1.8.

Sasa mtumba wa Ulaya, ambao wengi wanaupenda kwa sababu volti zake ni sahihi. Ugonjwa wake mkubwa ni baridi ya kwao. Jakuzi likiachwa nje wakati wa baridi kali na maji kidogo ndani ya mabomba, maji yanaganda, yanatanuka na kupasua maungio ya plastiki nyuma ya jeti. Ufa huo umezikwa ndani ya sponji. Likiwa kavu linang'aa kama jipya, na kuutafuta baadaye kunamaanisha kuchimba sponji kwa mkono, jeti kwa jeti. Sili ya pampu iliyokaa kavu muda mrefu nayo hukauka na kuanza kuvuja siku ya kwanza ya kazi.

Kwa hiyo hakuna kipimo kingine zaidi ya kulijaza. Likae kwenye sakafu iliyonyooka na kavu, tandaza maboksi au karatasi za mifuko ya saruji kuzunguka ukingo wa chini, paneli zote ziwe zimefunguliwa. Jaza mpaka maji yapite tundu la filta. Washa, fungua jeti zote kwa nguvu ya juu kwa nusu saa, huku ukimulika tochi sehemu tatu: pale shafti ya mota inapoingia kwenye pampu, kwenye maungio mawili ya hita, na nyuma ya jeti. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ile RCD. Isipokata, simamisha kila kitu. Kisha weka alama ya usawa wa maji kwa selotepu, funga kifuniko, acha hita ifanye kazi hadi kesho. Hita ya kilowati 3 kwenye lita 1,000 inapaswa kupandisha kama nyuzi mbili na nusu kwa saa. Ipime kwa kipimajoto chako, usiamini skrini. Asubuhi maji yakiwa yameshuka sentimita nzima na kifuniko kilikuwa juu, hizo ni lita 30 au zaidi na hazikwenda hewani.

Muuzaji atakwambia kulijaza ni gharama. Maji yote hayo ni uniti moja ya MWAUWASA. Mwambie utalipia maji na umeme wewe. Anayeendelea kukataa baada ya hapo anajua kilichomo.

Kuna mambo ambayo muuzaji hatakwambia kwa sababu hayamhusu, ila yatakuhusu wewe. Jakuzi la mita mbili kwa mbili likiwa na maji na watu watano linakaribia tani 1.7, zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Balkoni na terasi za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya chini ya hapo. Liweke chini, kwenye jamvi la zege la angalau sentimita 10 lenye nondo. Athi nayo ni tatizo letu la milima: Bugando, Isamilo na Capri Point rodi inagonga jiwe kabla haijazama nusu, na mafundi wengine huikata kwa grainda na kufukia kipande kilichobaki. Dai ipimwe kwa mita mbele yako. Penye jiwe hutandikwa waya mtupu wa shaba kwenye mtaro mrefu, au rodi kadhaa zilizounganishwa. RCD ya miliampea 30 ni lazima, na waya wa milimita 6 kwa jakuzi la ampea 32. Linaloitwa "la kuchomeka tu" lisizidi ampea 13, na lisipitie ekstensheni. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ukiambiwa "halihitaji kemikali, lina ozoni", huo ni uongo. Ozoni, gesi ya kuua vijidudu, inasaidia, ila haibaki ndani ya maji kukulinda. Maji ya joto bila dawa ni kitalu cha bakteria. Unahitaji klorini angalau 3 ppm (sehemu 3 kwa milioni), pH kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40. Vile vidonge vya bwawa wanavyotoa kama zawadi ni vikali kwa tindikali, na kwenye jakuzi dogo vinakula hita na sili. Tumia klorini ya chengachenga inayoyeyuka haraka, na kamwe usichanganye aina mbili za klorini kwenye chombo kimoja, zinaweza kuwaka moto. Maji ya ziwani moja kwa moja kwa pampu, hapana: kichocho, mwani na tope. Na wadudu wa ziwani wakitoka usiku, zima taa za jakuzi au asubuhi utakuta filta imeziba.

Turudi kwa wasio na bidhaa kabisa. Wanaomba kishika uchumba, kisha siku chache baadaye mzigo "umekwama bandarini, ongeza ushuru". Kodi za serikali hazilipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Zinalipwa kwa kontroli namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Dai namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, uifuatilie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Dai pia namba ya TANSAD, ile hati ya forodha ya mzigo. Unapolipa kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka neno la siri, lilingane na jina la biashara lililo BRELA. Risiti iwe ya EFD, na uihakiki kwenye tovuti ya TRA. Jakuzi gumu jipya kwa bei ya friji halipo. Na kwa wa Sengerema na Geita: kisingizio cha roli kukwama foleni ya kivuko Kigongo kimekufa tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, ingawa bado kuna anayekitumia.

Ukikubali kulipa kidogo kidogo, masharti yaandikwe: sehemu kubwa ya hela inatoka baada ya kipimo cha maji cha saa 24 nyumbani kwako, na namba ya siriali iliyo kwenye kibao iwe kwenye risiti. Aliyekwisha kutuma hela kwa tapeli apige 100 ya mtandao wake mara moja kuomba muamala uzuiwe kabla haujatolewa, atume namba ya tapeli kwenda 15040, kisha afungue jalada polisi akiwa na picha za mazungumzo na meseji ya muamala. Kwa aliyeuziwa bafu kwa jina la jakuzi, lalamiko liende Tume ya Ushindani, FCC, likiambatana na tangazo lenyewe. Lipige picha tangazo siku unayoliona, maana huwa linafutwa mara tu hela ikiingia.