Prado TZ-G ya dizeli au Discovery 4: uzoefu wangu kwa anayetaka kununua

Gari zote mbili nazijua vizuri, barabarani na juu ya lifti. Nazungumzia Prado TZ-G, toleo la juu, ya kizazi cha 150 yenye injini ya dizeli ya lita 2.8, iliyoanza kutoka Japani 2015, na Discovery 4 ya dizeli ya lita 3.0, ya kati ya 2009 na 2016. Ukiwa kwenye usukani, Disco inaishinda Prado waziwazi. Lakini Disco ya mwaka uleule huuzwa chini sana ya Prado, na kile kilichopungua kwenye bei si chako, ni cha spea. Kama huwezi kukiweka pembeni na kukiacha hukohuko, chukua Prado.

Tuanze na mwendo. Disco ya SDV6, yaani dizeli hiyo ya V6 ya lita 3.0, ina msukumo wa Nm 600, na kuanzia toleo la 2012 inatumia gia boksi ya ZF ya hatua nane. Prado ya mwanzo ina Nm 450 na nguvu farasi 177. Ukiwa na abiria saba na mizigo unapanda mlima wa Kitonga, Disco haihangaiki, Prado inakutaka upange mapema unapotaka kulipita lori. Disco imekaa kwenye mifuko ya hewa magurudumu yote manne: kawaida tumbo liko milimita 185 kutoka ardhini, ukibonyeza inapanda hadi 240. TZ-G ina mifuko ya hewa nyuma tu, mbele ni springi, kwa hiyo ukikanyaga breki kwa nguvu pua inainama. Siti za mstari wa tatu kwenye Disco mtu mzima anakaa hadi Dodoma bila kulalamika. Kwenye Prado ni za watoto.

Sasa Disco inapoumia. Ugonjwa unaotisha kuliko yote ni krenki, ile shafti kuu ya injini. Beringi za krenki zikihama mahali pake na kuzunguka, hufunga njia ya oili, krenki inaungua na mara nyingi inakatika vipande viwili. Mara nyingi hakuna dalili ya maana kabla, gari inazima tu barabarani. Adui mkubwa ni oili nyepesi iliyozeeka. Ratiba ya kiwandani iliruhusu kilomita 26,000 kati ya huduma na huduma, na kwa hali zetu hiyo ni hatari. Mwaga kila kilomita 8,000 hadi 10,000, uweke 5W-30 yenye kiwango kinachotakiwa kwa injini hiyo, kama lita 6. Kuna sababu nyingine ya haraka hiyo. DPF, yaani kichujio cha masizi, hujisafisha kwa injini kumwaga dizeli ya ziada. Kwenye foleni za mjini usafishaji haumaliziki, dizeli inateremka kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Ukiona kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, usisubiri, mwaga siku hiyohiyo.

Taimingi belti ziko mbili. Ya mbele kila fundi anaijua. Ya nyuma, inayozungusha pampu ya dizeli, wengi huiruka kwa sababu ni ngumu kuifikia, na ikikatika gari inabaki hapo ilipo. Muuzaji akikosa karatasi ya lini zilibadilishwa, hesabu kwamba hazijawahi, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Ukisikia turbo inapiga mluzi usio wa kawaida, jua mafundi wengi huinua bodi yote juu ya chesisi ndipo wazifikie vizuri. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa na inahitaji lifti ya kweli.

Mifuko ya hewa inasingiziwa sana. Kinachokufa kwanza kwa kawaida ni kompresa, na haifi bure. Kuna mahali panavuja, kompresa inafanya kazi muda mrefu kufidia, chembe za kukaushia hewa zinasagika kuwa unga na kuziba valvu. Msimbo wa hitilafu C1A20 maana yake hewa inajaa polepole mno. Ukifunga kompresa mpya bila kutafuta uvujaji, na hiyo mpya itakwenda njia ileile. Zile za mwanzo ni Hitachi. Ukiweka ya kampuni ya AMK badala yake, moduli ya mifuko inahitaji programu mpya, na rilei ibadilishwe pamoja nayo.

Kupima kabla ya kununua ni rahisi. Egesha pa tambarare, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa mudigadi kwa kila gurudumu, andika. Rudi asubuhi kabla haijawashwa, pima tena. Ikishuka kidogo sawasawa pande zote si ugonjwa, kwani gari hujisawazisha yenyewe ikiwa imezimwa, ikifuata kona ya chini. Kona moja ikilala peke yake, kuna mfuko au kiungo cha bomba kinachovuja. Kisha washa, ipandishe hadi juu kabisa, usikilize: kompresa inayonguruma muda mrefu huku gari inapanda kwa kusuasua imechoka.

Hendibreki ya umeme haipendi vumbi. Brekishu zake zimo ndani ya ngoma ndogo, zikijaa vumbi la Chalinze au Narok zinapiga kelele kama chuma kinakwaruzwa, na mota ikilazimishwa inavunjika. Kuzifungua, kuzisafisha na kuzikaza upya ni kazi ya saa chache. Lowa arimu za mbele nazo bushi zake zinachoka, utaona tairi inalika upande wa ndani. Wiloalaimenti ifanyike gari ikiwa kwenye kimo cha kawaida, la sivyo vipimo vyote ni vya uongo. Na kabla ya kumlipa mtu kwa sababu taa nne zimewaka pamoja kwenye dashibodi, pima betri. Betri dhaifu kwenye Disco huleta ujumbe wa mifuko ya hewa, gia boksi na hendibreki kwa mpigo, hata kama hakuna kimoja kilichokufa.

Prado haina orodha ndefu hivyo, ila wanaosema haiharibiki wanazungumzia Prado za zamani. Dizeli ya Japani ya 2015 kuendelea inatumia AdBlue, majimaji ya urea ya kusafisha moshi. Ikikaribia kwisha, dashibodi inakuonya mapema. Ukipuuza hadi tangi likauka, ukizima injini haiwaki tena. Weka AdBlue yenye alama ya ISO 22241 tu. Wanaochanganya urea ya mbolea na maji wanaua nozeli ya AdBlue, kwa sababu uchafu wa mbolea unaganda kuwa fuwele na kuziba. DPF nayo ilisumbua: Australia wenye Hilux, Fortuner na Prado za injini hii waliishtaki Toyota kwa pamoja, na mahakama ikawapa haki 2022. Gari ya safari fupi za mjini ipewe safari ya barabara kuu mara kwa mara, dakika 20 hadi 30 bila kusimama. Filta ya hewa ifungwe sawasawa, maana vumbi likipenya linachafua sensa ya hewa na injini inakosa nguvu. Mifuko ya nyuma ya TZ-G ikipasuka, wengi huweka springi za kawaida, na gari inatembea vizuri. Zaidi ya hayo, injini ni ya cheni, na spea Kariakoo au Kirinyaga Road hukosi. Tairi za 265/65R17 za matoleo ya chini zipo hata wilayani. Za Disco, 255/55R19, ziagize mapema.

Kwenye kuagiza, soma namba ya chesisi. GDJ151 ni TZ-G ya dizeli, GDJ150 ni TX, toleo la chini yake, ya dizeli. TRJ150 ni petroli ya 2.7, nguvu farasi 163 kwa gari ya zaidi ya tani mbili, usiinunue kwa ajili ya milima. Karatasi ya mnada yenye alama R au RA ina maana iligongwa na kutengenezwa. Disco za Japani karibu zote ni za petroli. Za dizeli zinatoka Uingereza, na hapo una faida: ukiwa na namba ya usajili, historia ya MOT, ukaguzi wao wa lazima wa magari, inasomeka bure mtandaoni, mwaka baada ya mwaka, pamoja na umbali na kasoro. Odometa inasoma maili, kwa hiyo 90,000 ni kama kilomita 145,000. Mulika chini ya bodi kwa tochi, chumvi ya barabara za kule hula mabomba ya breki na vishikizo vya kompresa.

Tanzania, ushuru wa uchakavu ni asilimia 15 kwa gari ya miaka minane hadi kumi, na 30 ikizidi kumi, hivyo Disco nyingi zinaangukia kwenye kubwa. Kenya, kwa kikomo cha miaka minane, Disco 4 haiingii tena. Utanunua iliyokwisha kutembea nchini, basi dai karatasi za huduma.

Ukishaichukua Disco, wiki ya kwanza mwaga oili ya injini na ya gia boksi. Sampo ya gia boksi ni ya plastiki na filta imo ndani yake, hubadilishwa nzima. Kabla fundi hajaingia chini, aweke stendi imara kwenye chesisi: gari hii inaweza kujishusha yenyewe ikiwa imezimwa.