Uzoefu wangu: kuomba akti ya kuzaliwa kwenye ofisi ya sheferi, nje ya Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), watu wengi wanaamini kwamba akti (cheti cha kuzaliwa) ya mtoto aliyezaliwa kijijini haipatikani tena, na kwamba dawa yake ni kumlipa mtu wa mjini akutolee karatasi yenye jina la komini (manispaa ya mjini). Mimi nimeitumia etasivili (ofisi ya kuandikisha watu) ya sheferi moja, yaani eneo la chifu, upande wa barabara ya Kasenga kwa niaba ya familia mbalimbali, na jibu langu ni kwamba huduma ipo, kopi zinatoka, tena pengine upesi kuliko mjini kwenye foleni ndefu. Faili nyingi zinakwama kwa sababu mbili tu: namba ya akti haijulikani, au majina yaliandikwa vibaya tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kupanda gari, jua unaenda kuomba karatasi gani. Kijijini zinazunguka tatu, na zote zinaitwa "papye ya mtoto". Ile ya materinite au kituo cha afya, yenye uzito wa mtoto na sahihi ya mkunga, inaonyesha tu kwamba mama fulani alijifungua siku fulani. Ya pili ni atestasyo ya kuzaliwa: ofisi inatamka kwamba mtu alizaliwa mahali fulani, basi. Shule nyingi zinaipokea, na wazazi wanatulia wakidhani kazi imekwisha. Akti ni ile iliyoandikwa ndani ya rejista ya etasivili mbele ya afisa, na mtangazaji, yaani aliyekuja kuandikisha mtoto, akatia sahihi. Ndiyo utakayoulizwa kwenye mambo ya urithi, ubalozini, na popote panapotakiwa kuthibitishwa kwamba mtoto ni wa baba huyu na mama huyu. Ukifika mbele ya karani sema waziwazi: nataka kopi kamili ya akti. Usipotaja, utapewa atestasyo, maana hiyo ni nyepesi kuandika.

Juu ya kila akti kuna namba ya akti, volimu (kitabu cha rejista) na folio (ukurasa wake). Ukiwa nazo, karani anafungua ukurasa moja kwa moja. Usipokuwa nazo, anapekua kwa mkono, kwa sababu hakuna kompyuta ya kutafutia jina. Na hapa ndipo watu wengi wanaambiwa "mtoto hayumo" wakati yumo. Akti zinaingia kwenye rejista kwa mfuatano wa siku za kutangaza, si za kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Desemba 2017 akatangazwa Februari 2018, akti yake iko kwenye rejista ya 2018. Kwa hiyo karani akifunga rejista ya mwaka wa kuzaliwa bila kumwona, mwombe kwa heshima afungue ya mwaka unaofuata, aanze na miezi mitatu ya kwanza. Msaidie pia kwa jina la mtangazaji. Kama aliyekwenda kutangaza ni mjomba au bibi wa mtoto, jina lake liko mwanzoni mwa maandishi na ndilo linalogonga jicho kwanza.

Beba kadi ya uchaguzi ya mzazi na fotokopi yake, karatasi ya materinite kama ilibaki, na kopi ya zamani ya akti hata kama imechanika. Akti ya ndoa ibebe pia kama ipo. Fotokopi zote zipige mjini, kwa maana ofisi nyingi za sheferi hazina umeme wa uhakika na mashine ya kupigia inaweza kuwa mbali. Kalamu nyeusi nzuri ni yako. Wino hafifu unafifia, na karatasi hii inatakiwa isomeke miaka mingi.

Sasa kuhusu maandishi yenyewe, maana hapa ndipo ningependa kila mzazi aketi asome. Akti imeandikwa kwa Kifaransa, na tarehe zinaandikwa kwa maneno. Kwa mwandiko wa mkono, *deux mille six* na *deux mille seize* zinaweza kufanana kabisa, na tofauti yake ni miaka kumi. Mwombe karani akuonyeshe neno lenyewe kwa kidole. Karibu na mwisho kuna mstari unaosema kwamba akti ilisomwa mbele ya mtangazaji, na mwingine unaosema ilitafsiriwa katika lugha fulani. Nafasi ya lugha huachwa wazi ijazwe. Mara nyingi inajazwa "Kiswahili" bila mtu kusomewa lolote. Mistari hiyo ni haki yako. Kama ndiyo kwanza unatangaza mtoto, kabla ya kutia sahihi sema: baba, naomba unisomee kwa Kiswahili. Kama mtangazaji ni mama mzee anayesikia Kilamba au Kibemba tu, asomewe kwa lugha hiyo, na mkalimani atajwe. Karani mwema hatachukia, na ni dakika chache zinazookoa kesi nzima ya kusahihisha.

Sikiliza hasa majina. Kwetu mtu ana jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina kama la ubatizo), na mpangilio huo lazima uwe uleule kwenye akti, kwenye buletini (ripoti ya shule) na baadaye kwenye diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari. Ngoy, Ngoie na Ngoyi kwa sikio ni kitu kimoja. Kwa mtu wa ubalozi ni watu watatu. Vivyo hivyo Tshola na Chola, Mwape na Muape. Usitamke jina, liandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi umpe karani alinakili, na majina ya wazazi yaandikwe kama yalivyo kwenye kadi zao. Mahali pa kuzaliwa nako kuna mtego: mtoto alizaliwa kijijini, akti inasema hivyo, lakini mzazi akimwandikisha shule ya mjini anasema Lubumbashi kwa mazoea. Miaka inapita, mtoto anamaliza masomo akiwa na karatasi mbili zinazokanana. Andikisha shule ukiwa na akti mkononi.

Kosa likiwa limeshaingia, usikubali lifutwe kwa kalamu au lipakwe nyeupe. Afisa hana ruhusa ya kuchezea akti iliyokwisha kufungwa. Marekebisho yanapita tribinali, yaani mahakamani. Kopi yenye mkwaruzo inakataliwa hata kama jina lililorekebishwa ndilo la kweli.

Kuhusu muda, sheria ya familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatoa siku 90 za kutangaza mtoto. Zamani zilikuwa 30. Ndani ya siku hizo kutangaza ni bure. Zikipita, karani hawezi kukuandikia akti tu kwa huruma. Inatakiwa hukumu ya kushika nafasi ya akti iliyokosekana, ile wote tunaiita supletifu: kwa aliye chini ya miaka 18 unaandika ombi kwa tribinali ya watoto, kwa mtu mzima tribinali ya amani. Unapata hukumu, hati ya kuiarifu, kisha hati ya grefe (ofisi ya makarani wa mahakama) inayosema hakuna aliyekata rufaa. Wengi wanaishia hapo, wanaiweka hukumu kwenye sanduku wakiamini ndiyo akti. Hapana. Lazima uirudishe etasivili pamoja na hizo hati nyingine, iandikwe kwenye rejista, ndipo akti itoke na namba yake. Njia hiyo hiyo inatumika rejista ikiwa imeliwa na mchwa au imelowa maji, na hilo kijijini si jambo la ajabu.

Mtoto ambaye wazazi wake hawakuoana, baba aje mwenyewe kumtangaza kuwa wake. Nimeona mama wakirudishwa kwa jambo hili, na linaumiza, lakini bila tamko la baba jina lake haliwezi kuingia tu kwa maneno ya mama.

Malalamiko yangu juu ya ofisi ile ni mawili, na ni makubwa. La kwanza ni sahihi. Karani anaandika vizuri, lakini anayetia sahihi ni afisa, na afisa huyo ana kazi nyingine za sheferi: mikutano mjini, kesi za mashamba, misiba. Kopi inaweza kukamilika asubuhi ikakaa mezani siku nyingi, wakati mwenye nayo ametoka mbali na nauli imekwisha. Piga simu kwanza, usiulize "ofisi iko wazi?", uliza "mwenye kutia sahihi yupo?". Wiki za kabla ya Septemba, shule zinapofunguliwa, epuka kabisa kama unaweza. Mvua nayo inaharibu njia, kwa hiyo mwezi wa Juni au Julai ndio mzuri.

La pili ni pesa. Kopi ina ada yake, sawa. Lakini ada itajwe, iandikwe kwenye kitansi (risiti), na kitansi kiwe na muhuri. Nilipoomba kitansi, bei niliyotajiwa kwa mdomo ilishuka. Mzazi wa kijijini asiyejua kuomba kitansi analipa ile ya juu, na hilo si haki hata kidogo. Kuna wanaoacha kutangaza watoto kwa kuogopa pesa ambayo sheria haiwadai.

Kama huwezi kusafiri, mtume ndugu akiwa na barua ya idhini yenye sahihi yako na fotokopi ya kadi yako. Mwambie achukue kopi zaidi ya moja siku hiyo hiyo, azisome zote neno kwa neno palepale, na apige picha ya ukurasa wa rejista kama karani ataruhusu, namba, volimu na folio zikionekana. Kwa anayepeleka nje ya nchi, uliza ubalozi kwanza unataka kopi ya tangu lini, maana baadhi hazipokei ya zamani, halafu ndipo uanze safari ya mihuri ya uhalalishaji, ile inayofanya karatasi ikubalike nje.