Dakika 2 na sekunde 48 zisizozeeka: "All the Small Things" kwenye santuri

Wadau, habari za saa hizi, karibuni tena. Leo mezani hakuna spika wala simu. Ngoja nikisogeze kwenye kamera mkione vizuri. Hii ni santuri ya Enema of the State, albamu ya Blink-182 ya mwaka 1999. Ila sitaichambua albamu nzima. Nimeinunua kwa ajili ya wimbo mmoja, wa nane kati ya kumi na mbili, na hata kama jina lake halikujii, kiitikio chake kimeshawahi kukupitia masikioni mahali fulani: dukani, kwenye basi, kwenye simu ya mtu. "All the Small Things".

Nina furaha na video hii kuliko zote za mwezi huu, kwa hiyo msiniache katikati.

Kwa nini leo? Mimi naishi Aurora, hapa jirani na Denver, Marekani, mwaka wa sita huu. Mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye mpira wa miguu, hoki ya barafu nilikuwa naipita tu kwenye televisheni. Mwenzangu wa kazini akanipa tiketi, nikaenda Ball Arena kuwaona Colorado Avalanche. Tukafika kipindi cha tatu, mchezo ukasimama kidogo, spika zikaupiga wimbo huu. Watu wakaitikia, mimi nikasema sawa, ndiyo kawaida ya viwanjani. Sasa sikilizeni kilichofuata. Pale mchezo ukianza tena, muziki unazimwa. Refa akadondosha kile kidude cheusi, muziki ukakatika, na watu hawakukatika! Uwanja wa watu kama 18,000, hakuna gitaa, hakuna ngoma, wanaendelea kuimba huku wachezaji wanasukumana chini yao. Mzee aliyekaa kulia kwangu alikuwa anajipiga goti kwa glovu kila mapigo yakishuka. Mbele yetu kuna binti mdogo amebebwa mabegani na baba yake. Beti hazijui, unaona midomo yake imefungwa, anasubiri. Kikifika kile kipande cha na-na-na, mdomo wote wazi, mikono juu.

Mwili ulinisisimka, wallahi. Wimbo una zaidi ya miaka 20, mtoto yule pengine ana 7. Nikarudi nyumbani saa sita usiku nikachukua gitaa, nikasema lazima nijue kitu hiki kimejengwaje.

Habari za bendi sizirudii, mnazijua: Mark Hoppus kwenye besi, Tom DeLonge kwenye gitaa, Travis Barker kwenye ngoma, bendi iliyoanzia upande wa San Diego kule California. Chati nazo haraka haraka: namba 6 kwenye Billboard Hot 100 ya Marekani, namba 2 Uingereza, wiki 8 namba 1 kwenye chati ya roki ya kisasa ya Billboard. Basi, twende kwenye kazi.

Nachomeka gitaa. Mnasikia huo mkwaruzo? Nimeuongeza makusudi. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni tatu tu: C, F, G. Ukienda kwa mwalimu wa gitaa wiki ya kwanza, hizo ndizo anazokuanzishia au karibu na hizo. Kwa hiyo siri haiko kwenye kodi. Siri iko hapa, kwenye mkono wa kulia. Tazameni kiganja changu, sio vidole. Naulaza upande wa kiganja juu ya nyuzi, pale mwishoni zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Naulaza kidogo tu, nisizibane. Sasa napiga. Tk-tk-tk-tk. Mnasikia? Sauti imefungiwa ndani ya sanduku. Hiyo ndiyo sauti ya ubeti. DeLonge anaimba juu yake, gitaa linatembea chini kwa chini, wewe msikilizaji unabanwa pamoja nalo bila kujua.

Sasa natoa kiganja. Tayari? Hiyo hapo! Kodi zilezile, mapigo yaleyale, sijaongeza sauti kwenye amplifaya hata kidogo, mnaiona swichi yake haijaguswa. Lakini chumba kizima kimefunguka. Narudia, kwa sababu hapa ndipo wimbo ulipo. Funga: tk-tk-tk-tk. Fungua: mnausikia huo upana? Ni kama mtu amesukuma madirisha yote ya nyumba kwa mara moja. Na unafunguka wakati gani? Pale kiitikio kinapoingia, si sekunde moja kabla. Umebanwa ubeti mzima, halafu unaachiwa, na ukiachiwa unakuta mdomoni umewekewa neno ambalo halihitaji kujifunza: na, na, na. Mtu wa Tanga anaweza, mtu wa Tokyo anaweza, yule binti wa pale uwanjani ameweza.

Na-na-na hizo hazikuja kwa bahati. Ni heshima kwa Ramones, bendi ya panki, ile roki ya kasi na isiyo na mapambo, ya New York ambayo DeLonge na wenzake walikua wakiisikiliza. Ramones walishajua zamani kwamba kiitikio kizuri ni kile ambacho umati unakidaka mara ya kwanza kukisikia. Na DeLonge mwenyewe hakuwahi kuficha: alisema alijua kampuni ya kurekodi itataka wimbo wa redioni, basi akakaa akaandika wa redioni. Kuna watu wanalitumia hilo kuutukana wimbo, wanasema umetengenezwa. Mimi naona kinyume. Fundi akikuambia ametengeneza kiti cha kukaliwa, utamlaumu kwa nini kinakalika?

Halafu ndani ya huo wimbo wa redioni kaweka jambo la kweli. Yale maua ya waridi kwenye ngazi anayoyaimba ni ya kweli, mchumba wake wa wakati huo alimwachia kweli nyumbani, naye akayaweka wimboni vilevile. Hakupamba. Wimbo mzima ni mtu anayeshukuru kwa vitu vidogo anavyofanyiwa, na nadhani ndiyo maana haujageuka kuwa kitu cha aibu mtu akishavuka miaka 40. Nyimbo nyingi za pop-panki za wakati ule ni hasira ya kijana dhidi ya wazazi, shule, au msichana aliyemkataa. Ukikua, unazivua kama fulana iliyokubana. Huu bado unakutosha.

Sasa mtaniuliza washindani. "Basket Case" ya Green Day, 1994, kutoka albamu yao Dookie. Nakiri, kwa uandishi inaushinda huu. Ngoja niseme wazi, kwa maneno inaushinda mbali, na ngoma za Tré Cool mle ndani ni balaa. Wiki iliyopita nilianza kuandaa video nikiwa naamini "All the Small Things" ndio wimbo bora wa pop-panki kuwahi kutokea. Leo siwezi kusema hivyo tena, nimeisikiliza "Basket Case" mara nyingi mno katikati hapa. Lakini jaribu kuiimba na watu elfu kumi na nane bila muziki. Maneno yanakimbia, nusu ya watu wataachwa kwenye mstari wa pili. Na jambo ambalo wengi hawalijui: aliyechanganya sauti za Dookie, Jerry Finn, ndiye huyohuyo aliyetayarisha Enema of the State. Alifariki mwaka 2008. Ule usafi wa sauti mnaousikia kwenye albamu zote mbili, gitaa zito lakini kila kitu kinasikika mahali pake, hapo kuna masikio yake.

Mwingine mtakaonitajia ni "Mr. Brightside" ya The Killers. Huo si pop-panki, lakini kwa kudumu lazima utajwe, maana Uingereza umekaa kwenye nyimbo 100 bora kwa zaidi ya wiki 400. Kwa chati hakuna wa kubishana nao. Mimi hapa napima kitu kingine: muziki ukizimwa, nini kinabaki.

Na kitu kingine kinachonishangaza. Wenye wimbo wenyewe wametawanyika mara ngapi? Mwaka 2005 bendi ikasimama. Mwaka 2008 Barker akanusurika ajali ya ndege akiwa ameungua vibaya. 2009 wakarudiana. 2015 DeLonge akatoka, akaingia Matt Skiba, na Skiba akawa anausimamia jukwaani wimbo ambao hakuuandika yeye. 2021 Hoppus akatangaza ana saratani, akatibiwa, akapona. Oktoba 2022 DeLonge akarudi, Aprili 2023 wakapanda jukwaa la tamasha la Coachella watatu walewale. Miaka yote hiyo wimbo haukusubiri wenyewe wapatane. Mwaka 2022 hapo katikati, Avalanche wakachukua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa hoki, mbele ya Tampa Bay, na msimu mzima wa nyumbani watu wa Denver walikuwa wanauimba.

Video yake ya muziki sina mengi. Ya Marcos Siega, wanawaigiza nyota wa pop wa wakati ule, Backstreet Boys, Britney Spears na Christina Aguilera, na ilishinda tuzo ya MTV ya video bora ya kundi mwaka 2000. Ilichekesha sana wakati wake. Leo kijana asiyewajua hao wanaoigizwa haoni kinachochekesha, kwa hiyo video imezeeka na wimbo haujazeeka. Inatosha.

Haya, bidhaa yenyewe, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya santuri. Hii ni ya pili. Ya kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, simtaji, ikaja imepinda. Ukiizungusha unaona inapanda na kushuka kama sahani ya plastiki iliyokaa juani, na sindano inaruka kila mzunguko. Nilimwandikia mara tatu, mara ya tatu ndipo akarudisha pesa. Ushauri wangu: ikifika, siku hiyohiyo itoe kwenye mfuko, ilaze mezani kwenye kioo, tazama ukingo wake usawa wa macho. Usisubiri wiki.

Hii ya pili nimeikuta kwenye duka la mtaani, dola 29, na nimeikagua kwanza kwa mkono wangu. Zaidi ya dola 35 msilipe. Sauti yake? Besi ya Hoppus ina mwili kuliko kwenye simu, hilo nimelisikia mara moja. Tofauti nyingine ni ndogo, na kama mashine yako ya santuri ni ya bei rahisi hutaisikia kabisa, kwa hiyo usinunue kwa sababu ya sauti.

Nunua kwa sababu ya mpangilio. Kwenye simu tunarukia wimbo tunaoutaka. Kwenye santuri, kabla ya "All the Small Things" inapita "Adam's Song", ambao Hoppus aliuandika kuhusu upweke, mtu aliyefika ukingoni. Ni wimbo mzito, nauheshimu. Unaisha, unasikia ile sindano inavyotembea kwenye mfereji mtupu, kama sekunde mbili za mkwaruzo tu, umeinama. Halafu gitaa linaingia, kodi zile tatu, wazi, bila kiganja. Nimeusikia wimbo huu miaka mingi lakini kuja kwake baada ya giza lile sikuwahi kukusikia mpaka wiki hii. Niliinuka kwenye kiti.

Habari za chaneli kidogo. Ile video ya mwezi uliopita iliyopotea, haikupotea, ilizuiwa kwa ajili ya sekunde kumi za muziki wa watu nilizoziacha nyuma ya maneno yangu. Ndiyo maana leo sijawapigia wimbo wenyewe, nimetumia gitaa na mdomo wangu. Itarudi Jumatano nikishazikata. Na tumefika watu 4,000, ahsanteni sana, hasa ninyi mnaotazama kutoka Mombasa na Muscat usiku wa manane kwa saa za huko, nawaona kwenye maoni. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza na kengele. Aliyeniomba uchambuzi wa gitaa za chini ya dola 200, gitaa hili nililoshika leo ni mojawapo, video yake inakuja.

Jambo moja la kufanya ukizima hapa. Kama una mtoto nyumbani, au mdogo wako, mpigie kiitikio mara moja tu, halafu zima ghafla katikati ya na-na-na. Usimwambie kitu. Uniandikie chini alifanya nini. Wa kwangu ana miaka 4, nimejaribu jana jikoni nikiwa naosha vyombo. Nimezima, akanitazama kwa hasira, akamalizia mwenyewe.