TAHADHARI: Viti vya kukunja vya "kilo 150" vinavyouzwa Instagram na WhatsApp

Ndugu zangu mnaojiandaa kwenda kambi Mikumi, kushinda ufukweni Kigamboni au Bagamoyo, au mnaotafuta viti vya mahafali na sherehe za nje, someni hili kabla hamjatuma hela.

Matangazo yenyewe yanafanana sana. Utaona picha safi ya kiti cha kukunja chenye mikono, tundu la kikombe na mfuko wa kubebea begani, na chini yake maneno "kinabeba kilo 150, bomba nzito, hakishiki kutu". Bei ni ya chini mno, "vimebaki 4 tu", sehemu ya maoni imefungwa, na namba ya kulipia ni ya simu ya mtu binafsi. Ukishalipa, ama kiti hakifiki kabisa, ama kinafika cha mtoto, ama kinafika cha mtu mzima lakini bomba zake ni nyembamba na kinakatika baada ya kukaliwa mara chache. Huyu wa tatu ndiye muuzaji wa hatari zaidi, maana mteja wake hadai hela yake mapema. Anagundua mtu akiwa ameshaanguka chali. Na kwenye shughuli zetu, kiti kinachoonekana kizuri anapewa bibi, au mama mjamzito.

Tuanze na hila ya kiti cha mtoto kwa sababu ndiyo rahisi kuikamata. Kiti kikipigwa picha peke yake kwenye majani, jicho halijui ukubwa wake. Cha mtoto na cha mtu mzima vina umbo lilelile. Omba picha yenye futi kamba iliyonyooshwa kutoka sakafuni hadi kwenye kalio la kiti, yaani sehemu ya kukalia, na nyingine ikipima upana kati ya mkono na mkono. Kwa mtu mzima tafuta kimo cha sentimita 40 hadi 45 na upana wa 50 au zaidi. Kikiwa na kimo cha 25 au 30 ni cha mtoto, au ni kile kifupi cha ufukweni, ambacho mzee mwenye magoti mabovu hawezi kunyanyuka bila kushikwa mkono. Muuzaji mwenye mzigo mkononi hashindwi kupiga picha hizo mbili. Anayejibu "dada, vipimo ni standadi" hana kiti.

Sasa bomba, na hapa ndipo penye maneno mengi ya uongo. Viti vya chuma vya aina hii hutumia bomba la duara lenye kipenyo cha takriban milimita 13, 16 au 19. Tofauti ya milimita 3 inaonekana ndogo, lakini ukitoka 13 kwenda 16, unene wa ukuta wa bomba ukiwa uleule, nguvu ya kuhimili kupinda inaongezeka kama mara moja na nusu. Tena bomba hutobolewa ili riveti, yaani pini ya chuma inayoziunganisha, ipite pale miguu inapokatana. Tundu la milimita 5 kwenye bomba la 13 linakula zaidi ya theluthi ya upana wake, na mahali hapohapo ndipo mzigo unapobana. Kwa hiyo kiti cha bomba jembamba hukatika kwenye tundu la riveti, si katikati ya bomba kama wengi wanavyodhani. Dalili ya kwanza ni tundu kugeuka umbo la yai na kiti kuanza kuchezacheza. Kikifikia hapo, hakifai tena kukaliwa.

Kupima huhitaji kifaa cha fundi. Zungusha uzi mara moja kwenye bomba, kisha unyooshe juu ya rula. Ukipata sentimita 4 na kidogo, hiyo ni bomba ya 13. Sentimita 5 ni ya 16, na 6 ni ya 19. Kwa mtu wa kilo 80 kwenda juu, chini ya sentimita 5 usichukue, hata kama kibandiko kimeandikwa kilo 200. Kibandiko kinachapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa.

Kipimo kingine kinachowaumbua ni mizani. Kiti cha chuma cha mtu mzima chenye mikono kwa kawaida huwa na kilo 2 na nusu hadi 4, na vile vizito kweli hupita hapo. Chuma hakina uchawi. Ukiambiwa kiti cha chuma kina kilo 1 na nusu na kinabeba mtu wa kilo 150, mojawapo ya namba hizo ni uongo. Na kumbuka kilo zinazoandikwa ni za mtu aliyekaa ametulia. Anayejibwaga kitini, au anayeegemea nyuma kwa miguu miwili, anakipa kiti mzigo mkubwa kuliko uzito wake.

Plastiki za viungio nazo zikague. Zile za miguuni na zile zinazoteleza kwenye nguzo za mgongo ndizo zinazopasuka mapema, hasa viti vinavyoachwa juani. Plastiki mbaya ina mstari mweupe pale riveti ilipobana, au kingo zenye mabaki makali. Kofia za miguu ziwe pana na zikae imara. Kofia nyembamba huzama mchangani mguu mmoja baada ya mwingine, kiti kinalala upande, na bomba linapindika hata kama mkaaji ni mwepesi.

Kuhusu kitambaa, wauzaji hupenda kutaja "600D". Hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene. Kwa macho hutaijua namba, lakini kitambaa hafifu kilichopakwa plastiki nyingi kwa nyuma ili kionekane kizito unaweza kukitambua: kikunje na uminye mkunjo kwa kucha. Kikiacha mstari mweupe na unga ukadondoka, uzito uliokuwa unausikia ni wa plastiki, si wa uzi. Kisha geuza kiti chini juu. Kalio linaning'inia kwenye pembe nne, hivyo kila pembe inatakiwa iwe na kipande cha ziada au mkanda, na mshono uliorudiwa mara kadhaa. Pembe yenye mshono wa mstari mmoja itachanika, na itachanika mtu akiwa amekaa. Picha za matangazo karibu zote zinapigwa kwa mbele. Dai video ya chini ya kiti.

Vile vidogo vya kuunganisha vijiti, vinavyoingia kwenye begi la mgongoni, ni habari nyingine. Vya kweli hutumia vijiti vya alumini vyenye kamba ya mpira ndani, na huwa na karibu kilo moja. Bandia ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Sumaku ndogo inamaliza ubishi: ikinata, hiyo si alumini, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu itaanzia ndani ya vijiti ambako huoni.

Malipo. Usitume hela kabla ya kukikagua kiti. Mwambie dereva wa bodaboda asubiri dakika tano. Fungua kiti sakafuni pasipo na mteremko, hakikisha miguu yote minne inagusa chini, zungusha uzi kwenye bomba, geuza utazame pembe, kisha kaa polepole huku mikono ikiwa mbali na pale bomba zinapokatana, maana ndipo vidole hubanwa. Sogea kushoto na kulia. Kikilia au kikiyumba, kirudi kilikotoka. Ulipe kwa Lipa Namba ya duka, usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na udai risiti ya EFD. Anayesema "tuma kwanza nauli ya boda" anakupima. Ukituma hiyo ndogo, ataomba na ya kiti.

Mlioko mikoani mna kazi zaidi, kwa sababu mzigo wa basi unalipiwa kabla ya kuonekana. Mtafute ndugu aliyeko Dar aende dukani akakague kwa hatua hizohizo. Tapeli atasema duka liko Kariakoo. Muulize mtaa, jengo, ghorofa na namba ya chumba, umwambie kuna mtu anakuja sasa hivi. Majibu yataanza kuchelewa.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, kabla hajazitoa kwa wakala. Usifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo. Piga picha ya ukurasa wake kabla hajakublock. Namba iliyotumika itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, kwa sababu udanganyifu wa namna hii uko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na akikupigia mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, akidai hela zako zimepatikana ila anahitaji namba yako ya siri ili akurudishie, kata simu: huyo naye ni tapeli, na namba yake nayo itume 15040.