Msimbazi kwenye OpenStreetMap: bonyeza alama ya kuuliza uone!

Oya wazee, karibuni tena, kama leo sauti inafika safi ni maiki mpya hiyo, mlionichangia asanteni sana. Leo tunaangalia bonde la Msimbazi, hapa Dar, kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo watu wenyewe ndio wanaichora. Kuzumu ramani, yaani kuivuta karibu, kutafuta mtaa, hayo mnayajua, naruka. Kuna kitu kimoja tu kimenipagawisha.

Tazama skrini. Niko Jangwani, napandisha juu kidogo, Kigogo hii hapa. Sasa kulia kuna kakitufe kana mshale na alama ya kuuliza, nabonyeza, halafu nagusa huu mstari mwembamba wa bluu uliopita kati ya nyumba... subiri mtandao... eeh! Imeleta vyote vilivyo karibu, nachagua mtaro. Cheki hapo, ni mtaro wa aina gani, nani kauhariri mara ya mwisho, lini. Mingine utakuta hadi upana na kina, mingine patupu. Mtaro wa uchochoroni jamani!

Hii si setilaiti peke yake. Tandale walianza kuchora 2011, halafu 2015 ukaja mradi wa kuchora ramani, Ramani Huria, wanachuo na wakazi wenyewe wakapita mitaani na simu zao. Ndo maana mtu wa Vingunguti anaenda mkutano wa mtaa, anafungua simu, anasema mtaro wetu huu hapa, unaishia hapa, mtoni haufiki, sasa mlitaka maji yaende wapi? Google Maps kwa foleni siibishii, ila kaitafutie mtaro huko uone.

Kinachoniudhi sasa. Mtaro umechorwa miaka hiyo, leo umejaa machupa au mtu kashajenga juu, ramani bado inakuonyesha mtaro. Halafu maji yanashuka toka vilima vya Pugu mpaka Daraja la Salenda, lakini mpaka wa bonde lenyewe hamna, huwezi kujua nyumba yako imo au haimo. Kuna tovuti ya River Runner, huko walau unabofya sehemu unafuata tone la mvua hadi baharini, tamu kuiangalia, ila mitaro yetu haijui. Na kwa simu hako kakitufe ka alama ya kuuliza, mwenye vidole kama vyangu utateseka.

Bei ni bure, bando lako tu, na ukifungua akaunti unarekebisha mwenyewe. Bila bando kuna app ya Organic Maps, unashusha ramani ukiwa na waifai, ila hicho kitufe hakimo.

Haya, andika mtaa wako hapo chini, Jumamosi laivu naifungua tuone mtaro wa kwenu kama upo.